Kabla Hujapanda Basi la Dar Kwenda Kupunguza Tumbo

Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, kampasi ya Mloganzila, ilitangaza huduma ya upasuaji rekebishi wa maumbile kwa kushirikiana na wataalamu kutoka India. Tayari ilikuwa ikiwawekea puto tumboni watu wenye uzito mkubwa, na mkurugenzi wake wa wakati huo, Profesa Mohamed Janabi, alikuwa akisikika kila kona ya nchi akihimiza watu wapunguze wanga na sukari. Tangazo hilo lilipokelewa kwa kelele nyingi mitandaoni, nyingi zikihusu makalio. Kilichopotea katika kelele hizo ni habari ya mwanamke aliyezaa mara tano, au aliyepungua kilo 25 kwa jitihada zake mwenyewe, akabaki na ngozi inayoning'inia chini ya kitovu. Wapo Bariadi mjini, wapo Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Wanauliza saluni, wanaulizana kliniki ya watoto, na wengine hawamuulizi mtu, wanaweka akiba kimyakimya.

Makala hii ni yao. Upasuaji wenyewe huchukua saa chache Dar es Salaam, lakini kupona huchukua wiki nyingi, na wiki hizo utaziishi Simiyu: kwenye nyumba yako, na ndoo zako, na choo chako, na mtoto anayetaka kubebwa. Mipango mingi huanzia kwenye bei ya hospitali na kuishia hapo. Ingefaa ianzie nyumbani.

Tuanze na tumbo lenyewe, kwa sababu si kila tumbo kubwa ni mafuta. Simiyu ipo Kanda ya Ziwa, na wilaya ya Busega inagusa Ziwa Victoria. Kichocho cha tumbo kikikaa mwilini miaka mingi bila tiba huharibu ini, huvimbisha bandama na hatimaye hujaza maji tumboni. Uvimbe kwenye kizazi nao hukuza tumbo polepole hadi watu waanze kumuuliza mama ana miezi mingapi. Ngiri ya kitovu hutokeza kama kifundo unapokohoa na kurudi ndani unapolala chali. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotibiwa kwa kunyonya mafuta, na daktari akipitisha bomba la kunyonya mafuta mahali penye ngiri ambayo haikugunduliwa, anaweza kutoboa utumbo. Kwa hiyo safari ya kwanza ni fupi: nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Nyaumata, au hospitali ya wilaya yako, upimwe tumbo kwa mikono ya daktari na kwa picha ya ultrasound. Ngiri na uvimbe wa kizazi ni magonjwa. Matibabu yake ni ya kawaida katika hospitali zetu, na mwenye bima aulize, kwani ugonjwa na urembo havihesabiwi sawa.

Kuna tatizo jingine ambalo wanawake wengi wanalo bila kujua jina lake: misuli ya tumbo kuachana. Mimba inapokua, ile misuli miwili inayoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye kinena husogea kando kupisha mtoto. Kwa wengi hurudi karibu miezi michache baada ya kujifungua. Kwa wengine, hasa waliozaa mara nyingi, mapacha, au watoto wakubwa, haifungi tena. Simiyu ni miongoni mwa mikoa yenye wastani mkubwa wa watoto kwa kila mwanamke nchini, kwa hiyo jambo hili linatuhusu sana. Unaweza kujipima mwenyewe. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Weka ncha za vidole viwili juu kidogo ya kitovu, vidole vikielekea miguuni. Sasa inua kichwa na mabega taratibu kama mtu anayetaka kuchungulia miguu yake. Utasikia kingo mbili ngumu zikibana pande zote za vidole. Zikibana mara moja, misuli yako iko karibu. Vidole viwili au zaidi vikizama katikati bila kubanwa, na tumbo likatokeza juu kama mgongo wa mtumbwi, misuli imeachana. Mama wa namna hii anaweza kuwa mwembamba kabisa mikononi na usoni, akashinda njaa mwezi mzima, na tumbo lisiondoke. Hana uvivu wala ulafi. Ukuta wa tumbo lake umefunguka, na mara nyingi kiuno humuuma kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza kwake ni fiziotherapia, yaani mazoezi maalumu ya kuvuta tumbo kwa ndani huku ukitoa pumzi, yanayofundishwa na mtaalamu na kufanywa kila siku kwa miezi kadhaa. Yale mazoezi ya kulala na kuinuka kwa nguvu, ambayo vijana hufanya uwanjani, huweza kuongeza mwachano. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumfunga tumbo kwa kanga, kama mama zetu wanavyofanya, humpa mzazi faraja na kumshikilia mgongo. Hakuchomi mafuta wala hakushoni misuli, na mkanda ukibana mno husukuma viungo vya ndani kuelekea chini, jambo baya kwa mwanamke ambaye kizazi chake tayari kimelegea.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze upasuaji, na ni aina mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Kunyonya mafuta hufanywa kwa bomba jembamba linaloingizwa kupitia vitundu vidogo. Linafaa kwa mtu ambaye ngozi yake bado inavutika na kurudi, mwenye mafuta yaliyojikusanya mahali fulani, tuseme nyama uzembe za kiunoni. Madaktari wengi huchukulia lita 5 kuwa kikomo cha kikao kimoja, kwa sababu zaidi ya hapo mwili hupoteza maji na damu kwa kiwango cha hatari. Lita moja ya mafuta haifiki kilo moja. Anayedhani ataingia na kilo 95 na kutoka na 70 amedanganywa.

Aina ya pili ni upasuaji wa kukata ngozi ya tumbo. Daktari hukata kutoka nyonga moja hadi nyingine, chini kabisa, mahali ambapo nguo ya ndani hufunika. Huinua ngozi hadi mbavuni, hushona misuli iliyoachana, hukata ngozi iliyozidi, kisha hutengeneza kitovu mahali papya. Hufanywa kwa nusu kaputi na huchukua saa mbili hadi nne, pengine zaidi. Kovu la mama aliyezaa kwa upasuaji mara nyingi huondoka pamoja na ngozi hiyo, lakini linaloachwa ni refu kuliko la mwanzo. Mwenye mwili unaotengeneza keloidi, anayejua kwamba hata tundu lake la hereni liliota nundu, ajitafakari sana na amwambie daktari kabla ya yote. Sehemu ya chini ya kitovu hubaki na ganzi kwa miezi kadhaa, na kwa baadhi haiishi moja kwa moja.

Aliyepungua sana anaweza pia kuwa na ngozi iliyolegea mikononi, mapajani na matitini. Kila sehemu ina upasuaji wake, na daktari makini hatakubali kuzifanya zote siku moja.

Nani yuko tayari? Mwenye uzito ambao haujapanda wala kushuka kwa angalau miezi 6. Aliyepungua baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula husubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: mama wa mita 1.60 mwenye kilo 82 anapata 32. Madaktari wengi hupenda kuona 30 au chini ya hapo, kwa sababu juu yake vidonda huchelewa kufunga na damu huganda kirahisi. Kwa mama huyo maana yake ni kushuka hadi kilo 76 hivi kwanza, na akifika huko huenda akaona hahitaji tena kisu.

Usipasuliwe kama bado unataka kuzaa. Mimba baada ya upasuaji huu kwa kawaida si hatari kwa mtoto, ila inaweza kufungua upya kilichoshonwa. Anayenyonyesha asubiri miezi 6 hivi baada ya kumwachisha mtoto. Sigara na ugoro viachwe wiki 4 kabla na 4 baada, maana nikotini hubana mishipa midogo ya damu na ngozi iliyoinuliwa hufa kando ya mshono. Mwambie daktari ukweli huu hata kama mumeo hajui kwamba unavuta ugoro. Sukari na presha zidhibitiwe kwanza. Wingi wa damu upimwe mapema, kwa sababu malaria, minyoo na uzazi wa karibukaribu huwaacha wengi wetu na damu pungufu. Kanda ya Ziwa ina seli mundu kwa wingi kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa hiyo kama kuna mtoto au ndugu mwenye ugonjwa huo, pima na wewe kabla ya kupewa dawa ya usingizi. Taja vidonge vya uzazi wa mpango, kwani vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Neno kwa wanaotumia dawa za VVU. Baadhi yenu mlitumia zamani dawa ya stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza iondolewe kuanzia mwishoni mwa 2009, na ikawaachia tumbo na shingo nene huku mashavu na makalio yakinywea. Wengine wameongezeka uzito walipohamia dawa mpya zenye dolutegravir. Mabadiliko hayo yanatambulika kitabibu. Zungumzeni na kliniki yenu, na mtu yeyote asiache dawa kwa ajili ya umbo.

Sasa makalio. Kuchukua mafuta ya tumboni na kuyadunga kwenye makalio ndiko kulikokuwa na kiwango kikubwa cha vifo kuliko upasuaji mwingine wa urembo. Mafuta yakiingia kwenye mishipa mikubwa ya damu iliyo ndani ya misuli ya kalio husafiri hadi kwenye mapafu na kumuua mtu palepale mezani. Jopo la kimataifa la madaktari lililotoa taarifa mwaka 2017 lilikadiria kifo 1 katika kila upasuaji 3,000 hivi. Tangu hapo madaktari wameagizwa wadunge chini ya ngozi tu, kamwe wasiingie kwenye msuli. Muulize daktari wako anadunga wapi. Ama sindano za silikoni na mafuta yasiyojulikana zinazodungwa vyumbani, na krimu na vidonge vya "kuongeza shepu" vinavyouzwa kwa simu, vikimbieni. Silikoni ya maji ikishaingia mwilini haitolewi yote.

Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi siku chache baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki binafsi, na baraza linalosimamia madaktari nchini Kenya likaifunga kliniki hiyo. Ilikuwa mjini, ikijitangaza vizuri. Picha nzuri za kabla na baada hazionyeshi kama kuna akiba ya damu, kama dawa ya usingizi inatolewa na mtaalamu wake, au kama kuna chumba cha wagonjwa mahututi. Uliza hayo matatu ana kwa ana. Uliza jina kamili la daktari atakayekushika, kisha hakikisha kwa Baraza la Madaktari Tanganyika kwamba amesajiliwa na ubingwa wake ni upi. Kuwa daktari bingwa wa wanawake au wa ngozi ni jambo la heshima, lakini si ubingwa wa upasuaji rekebishi. Anayekupeleka Uturuki au India kwa kifurushi akujibu jambo moja: mshono ukifunguka nikiwa Bariadi, nani atauona? Kwa walio karibu na Mwanza, Hospitali ya Kanda Bugando ni mahali pazuri pa kuanzia maswali na kupata rufaa, badala ya kuanzia kwa wakala wa mtandaoni.

Gharama ni za milioni kadhaa, na bima ya NHIF usiitegemee kwa upasuaji wa urembo. Omba mchanganuo kwa maandishi: vipimo, chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, kitanda, dawa, nguo ya kubana. Halafu ongeza yale ambayo hospitali haiandiki: nauli ya watu wawili, chumba cha kupanga kwa wiki mbili au tatu, chakula, na safari ya kurudi kuonwa tena. Weka kando fedha ya dharura. Anayeuza ng'ombe wote ili alipe kisu, akabaki bila nauli ya kurudi hospitali mshono ukichuruzika, amejiweka pabaya.

Siku za kwanza hazifanani na picha. Unaamka na mirija miwili imetoka chini ya mshono, kila mmoja una kichupa kinachokusanya majimaji mekundu ambayo polepole hugeuka kuwa ya manjano. Mtu anayekuuguza atafundishwa kukiminya, kukimwaga na kuandika kiasi kwenye daftari, asubuhi na jioni. Mirija hutolewa majimaji yakishapungua. Unalala mgongo umeinuliwa kwa mito na magoti yamekunjwa, maana ngozi ya tumbo imevutwa na haikuruhusu kunyooka. Unatembea umeinama kwa wiki moja hadi mbili, lakini lazima utembee tangu siku ya kwanza, hata hatua kumi, ili damu isilale miguuni. Nguo ya kubana huvaliwa usiku na mchana kwa wiki 6 hivi. Nunua mbili, moja ikifuliwa nyingine iwe mwilini, kwa sababu katika joto la Simiyu jasho lililoganda kwenye mshono huleta maambukizi.

Usirudi mapema. Kutoka Dar hadi Bariadi ni zaidi ya kilomita 1,000, na kuketi kwenye basi siku nzima ukiwa na kidonda kipya ni njia rahisi ya kuita bonge la damu kwenye mguu, linaloweza kupanda hadi mapafuni. Kaa karibu na hospitali hadi mirija itoke na daktari akuruhusu kwa maandishi. Mwenye uwezo apande ndege hadi Mwanza, kisha gari dogo kupitia Lamadi, na hata kwa ndege aulize daktari kwanza. Ukipanda basi, kata safari, ulale njiani. Chagua kiti cha ukingoni, zungusha nyayo, simama basi linaposimama. Wanawake wengi hatunywi maji safarini kwa kuogopa kuchimba dawa porini. Safari hii kunywa. Damu ya mtu mwenye kiu huganda upesi.

Nyumbani, kwa wiki 6 hutanyanyua kitu kizito kuliko chungu kidogo cha uji. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Kutwanga, kulima, kufua mablanketi, kuinamia mafiga kupuliza moto, vyote vinavuta mshono. Mbeleko nayo: fundo lake hufungwa hapo hapo kwenye jeraha, na mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 8 au 9. Choo cha kuchuchumaa ni kigumu kuliko vyote, basi tengeneza kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kabla hujaondoka, na ule mboga za majani, matunda na maji ya kutosha ili usijikamue. Mambo haya yajadiliwe mapema na watu wa nyumbani. Mume, mama mkwe na wifi wakikuona umesimama, wanaweza kudhani umepona. Waeleze kabla ya kwenda: nani atachota maji, nani atapika, nani atalala na mtoto. Wewe ni mtu mzima na wewe ndiye unayesaini kukubali upasuaji, lakini nyumba isiyojua itakurudisha kwenye ndoo wiki ya pili.

Mguu mmoja ukivimba au ukiuma kwenye shavu la mguu, pumzi zikikatika, kifua kikichoma, nenda Nyaumata wakati huo huo, hata usiku, ukiwa na barua ya kuruhusiwa na jina la upasuaji uliofanyiwa. Vivyo hivyo homa, usaha wenye harufu, ngozi kugeuka nyeusi, mshono kuachia, tumbo kujaa ghafla, au kutapika bila kukoma baada ya kunyonywa mafuta. Usiogope kusema ulifanya nini. Mganga wa zamu akidhani ni malaria tu, mtapoteza saa ambazo hamna.

Na wale watakaoamua kutopasuliwa, au watakaoambiwa na daktari kwamba haiwafai, wana haki ya kuhudumiwa. Mkunjo wa ngozi chini ya tumbo huota fangasi na vidonda. Uoshwe kila siku, ukaushwe kabisa kwa kitambaa cha pamba, na kipande kikavu kiwekwe kati. Muwasho usipoisha, kuna dawa ya kupaka kituo cha afya. Aliyepungua kwa bidii yake ajiandae pia kwa maneno, maana kwetu mwanamke akikonda huulizwa anaumwa nini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa aliyekuwa mmoja wao, kupungua ni afya, na anastahili kupongezwa hadharani.

Ukishaamua kwenda, angalia kalenda ya pamba. Fedha ya mavuno huanza kuingia soko linapofunguliwa, kuanzia Mei na kuendelea, na mvua za kupanda huja Novemba. Anayepasuliwa Agosti anapata miezi mitatu hivi kabla jembe halijamwita. Lakini Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi ambayo maji huwa mbali zaidi na kwa Meatu hata ndoo moja huwa na bei, kwa hiyo ujira wa mchota maji uwekwe kwenye bajeti pamoja na nauli, tangu mwanzo.